Mwalimu Aliyeongea kama Bibi wa Oklahoma

Kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa Mosul walimwalika Mwalimu Dhannun Yunis kwenye harusi zao ili aongee Kiingereza. Hawakuelewa anachosema, na wala hawakutaka kuelewa. Walitaka kuisikia ile r yake. Katika familia za zamani za Mosul r huzama kooni ikatoka gh. Mama yake Dhannun alimwita mjukuu wake Rafal "Ghafal" mpaka siku anakufa. Sasa hapa palikuwa na mtoto wao wenyewe, mwenye koo kama lao, ambaye akigeukia Kiingereza ulimi wake ulijikunja nyuma, r ikaviringika kama pipi, maneno yakavutika na kupitia puani, na p ikatoka p kweli, si b kama ya watu wengine. Wanaume waliketi na sahani za kubba, madonge ya ngano yenye nyama, magotini wakacheka hadi machozi.

"Tafuna, Baba Rafal, tafuna," walimwambia, kwa kuwa kwao Mmarekani ni mtu anayeongea na chingamu mdomoni.

Sauti hiyo aliipata Oklahoma, alikopelekwa na serikali miaka minne kusomea ualimu wa lugha. Alipanga chumba kwa mjane mmoja mfuga kuku aliyeongea kutwa nzima: na kuku, na redio, na jiko, na yeye. Dhannun alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye sikio linalonasa kila kitu. Hakuchukua Kiingereza cha vijana wenzake wala cha walimu wa chuo. Alichukua cha yule bibi, pamoja na mtindo wake wa kushusha pumzi kabla ya kuanza sentensi na kumwita kila mtu "mwanangu".

Aliporudi, si wote walioipenda. Mkaguzi wa elimu aliyekuwa amesoma London alikaa nyuma ya darasa robo saa, kisha akaandika kwamba mwalimu huyu anafundisha Kiingereza cha wachunga ng'ombe. Na wakati wa vita na Iran alikuja shuleni mtu mmoja wa usalama mwenye masharubu yaliyonyolewa kwa mstari, akamuuliza kwa upole mno kwa nini mpaka leo hajaiacha ile sauti.

"Waingereza nao walitutawala," Dhannun akamjibu, "na mkaguzi anataka niongee kama wao."

Yule mtu hakucheka. Aliandika kitu, akaenda zake, na kwa wiki tatu Dhannun alilala na nguo za kutokea.

Hata hivyo wanafunzi walimpenda. Walimwiga wakiwa chooni, walimwiga uwanjani, na aliyewashinda wote kwa kumwiga alikuwa Muthanna, mtoto wa fundi cherehani, mwembamba, mwenye mwandiko uliolala kushoto. Ukifumba macho Muthanna akiongea, ungesema mwalimu amerudia ujana. Dhannun alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia cheti chake.

Kisha Wamarekani wenyewe wakaja.

Mwaka wa kwanza Dhannun aliwapita kimya kama watu wengine. Siku ya yeye kujulikana ilikuwa asubuhi ya Machi, askari walipotaka kuyavunja mapipa ya Hajji Ghanim, jirani yake, muuza achari. Mkalimani wao, mtu wa mbali aliyefunika uso, alikuwa hamwelewi Hajji na Hajji hamwelewi yeye. Bunduki zilikuwa zimeanza kuinuliwa. Dhannun alitoka na kandambili zake, akashusha pumzi, akasema kwa Kiingereza kwamba humo ndani mna biringanya na siki tu, wanangu, fungueni mwonje.

Sajenti aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni kwao. Alikuwa kibonge, mwenye madoadoa usoni. Akamtaka aseme tena. Dhannun akasema tena. Sajenti akaanza kucheka, kisha machozi yakamlengalenga, akawaambia wenzake kwamba mzee huyu anaongea kama bibi yake mzaa mama, bibi yake hasa. Akamshika bega. Mbele ya mtaa mzima, akamshika bega na mkono ukabaki pale.

Mapipa hayakuvunjwa. Hajji Ghanim alileta bakuli la achari nyumbani kwa Dhannun jioni ile, akashukuru. Lakini alipoondoka alisimama kidogo mlangoni.

"Umeniokolea duka langu, Baba Rafal. Mungu akulipe."

"Amina, Hajji."

"Ila mkono ule," akasema Hajji, "watu wameuona."

Tangu siku hiyo kila gari la sajenti lilipopita lilipunguza mwendo kwenye mlango wao, na sauti ikaita kutoka juu: "Oklahoma!" Mara mbili kwa wiki, mara tatu. Wakati mwingine walisimama kabisa ili askari wengine nao wamsikie. Hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana mtu mwenye nia mbaya unaweza kumwambia aache. Dhannun aliwaomba wasimwite tena. Walivyozidi kuombwa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu aliomba kwa sauti ya bibi.

Kinyozi akaanza kumnyoa bila maneno. Kwenye mgahawa wa chai meza yake ikabaki yake peke yake. Mwanamke mmoja sokoni, ambaye Dhannun hakuwahi kumwona, alimwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Ndiye huyo, wa kutafuna."

Mwezi Mei karatasi ilipitishwa chini ya mlango. Mkewe Najiba aliiokota, akaisoma, akakaa palepale sakafuni. Iliandikwa kwa Kiarabu, mistari miwili: wanajua yeye ndiye anayeongea na wavamizi, na ulimi anaoongea nao utakatwa kabla ya shingo.

Dhannun aliichukua akaisoma, na kilichomshtua hakikuwa maneno. Herufi zilikuwa zimelala kushoto. Mwandiko ule alikuwa ameusahihisha miaka mitatu mfululizo. Mara nyingi alikuwa ameupa alama tisa kwa kumi.

"Ni nani?" Najiba akauliza.

"Nitajuaje?" akasema, akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

Rafal, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakulia. Siku ya pili aliketi mbele ya baba yake mezani kama mwalimu.

"Baba, sema 'tafadhali' kwa Kiingereza."

Akasema.

"Vibaya. Hiyo p yako itatuua. Weka b."

"Mwanangu, miaka thelathini nimewapiga watu rula kwa sababu ya b hiyo."

"Basi leo rula ninayo mimi. Na r imeze. Ongea kama bibi alivyokuwa ananiita Ghafal."

Najiba, aliyekuwa hajacheka tangu karatasi ile, alicheka huku ameziba mdomo kwa mtandio. Kila alasiri Dhannun aliharibu Kiingereza chake. Alijifunza kusitasita, kuchanganya wakati uliopita na ujao, kulitafuta neno analolijua. Ilimuuma kama mtu anayefundishwa kuchechemea. Kikosi cha sajenti kiliondoka mwezi Agosti, kikaja kingine kisichomjua, na kwenye vizuizi Dhannun alitoa kitambulisho na kusema maneno matatu yaliyovunjika. Askari walimpungia mkono apite bila kumtazama usoni. Hakuna aliyeita tena mlangoni. Mgahawani mtu mmoja alimsogezea sukari. Rafal akasema, "Unaona?" Dhannun akasema ndiyo, anaona. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alisikiliza kwanza.

Ilikuwa Oktoba, saa nne asubuhi, yeye yuko kwenye foleni ya mkate na watu kama thelathini. Askari walikuwa wameweka kizuizi cha ghafla mwisho wa barabara, hatua mia moja hivi kutoka pale. Gari la Hajji Ghanim likatokea kwenye kona, limejaa mapipa, Hajji na mkewe mbele. Hajji sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu bomu la sokoni, na la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko.

Askari mmoja kijana alinyoosha kiganja akapiga kelele. Alikuwa amefundishwa neno la Kiarabu la kumwambia mtu asimame, qif, lakini mdomoni mwake q ilikuwa k na vokali ikavutika, na kilichotoka kilikuwa neno jingine kabisa, kiif. Foleni nzima ilisikia kijana mwenye bunduki akimpigia kelele mzee wa watu: "Vipi? Vipi?"

Gari halikusimama. Hajji alionekana akitabasamu, ameinua mkono kama anayejibu salamu. Kijana akarudi hatua moja nyuma, akaita tena neno lilelile, na bunduki ikapanda begani.

Dhannun hakuwaza. Baadaye alimwambia Najiba kwamba kama angewaza angebaki kimya, na hilo alitaka mkewe alijue. Alitoka kwenye foleni, akashusha pumzi, na sauti ya mjane wa Oklahoma ikaruka barabara nzima. Usipige, mwanangu. Ni mzee, hasikii. Weka chini, mwanangu, weka chini hiyo.

Kijana aligeuza kichwa. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto anayetafuta ni nani aliyemwita, na muda huo ulitosha. Mke wa Hajji alikuwa ameona bunduki, akavuta breki ya mkono, na gari likazimika hatua kumi kutoka kwenye kizuizi, mapipa yakigongana nyuma.

Hakuna aliyekufa. Askari walipekua mapipa, wakaliachia gari. Hajji Ghanim alipita mbele ya foleni ameshika usukani kwa mikono miwili, amejaa jasho, akamtazama Dhannun, kisha akatazama mbele. Dhannun alirudi kwenye foleni. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa amemwachia nafasi, nafasi kubwa, ya kutosha watu wanne. Muuza mkate alimpa mikate yake na hakupokea pesa. Hakutaka mikono yao igusane.

Alasiri mlango uligongwa. Alikuwa Muthanna, peke yake, ndevu zimejaa, na shati jeupe lililopigwa pasi. Aliomba ruhusa ya kuingia. Alivua viatu. Najiba, asiyejua lolote juu ya mwandiko, alimletea chai na kumuuliza hali ya mama yake.

Walipobaki wawili Muthanna alikizungusha kijiko kwenye kikombe muda mrefu.

"Mwalimu, leo umesikika mpaka ng'ambo ya mto."

"Wangemuua Hajji."

"Najua." Akanywa kidogo. "Nimetumwa na wapiganaji nikuulize swali moja. Jibu lako silihitaji. Kesho nitawaambia nilikuja saa tatu, nikakuta nyumba imefungwa."

Dhannun aliitoa ile karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa koti, ambako ilikuwa imekaa miezi mitano, akaiweka kwenye sinia. Muthanna hakuigusa.

"Kwa nini wewe?" Dhannun akauliza. "Wanaojua kuandika ni wengi."

"Kwa sababu walianza kuniuliza mimi." Sasa alikuwa ananong'ona, na kwa mara ya kwanza alionekana kijana. "Walisikia kwamba shuleni nilikuwa naongea kama wewe. Ulinipa sauti hii ukanipigia makofi, mwalimu. Nifanye nini nayo? Nikaomba barua niandike mimi, wajue niko upande gani. Niliulaza mwandiko makusudi ili uutambue. Nilidhani utaondoka siku ileile."

"Nilidhani umenichukia."

"Siku nyingine nakuchukia," akasema Muthanna. Aliinuka, akavaa viatu, akamwinamia mwalimu wake kama zamani. Mlangoni akasema kitu kifupi kwa Kiingereza, polepole, p na r zote mahali pake. Dhannun hakumwambia mtu yeyote kilikuwa nini.

Waliondoka alfajiri na masanduku mawili, kwa teksi ya binamu yake Najiba, wakaelekea Duhok, kwa Wakurdi. Funguo walimwachia mke wa Hajji Ghanim. Yeye alilia; Hajji hakutoka.

Habari za Muthanna ziliwafikia wakati wa baridi, kwa simu, kupitia kwa kinyozi. Mtu fulani alikuwa amemsikia akiwajibu askari kwenye kizuizi cha daraja kwa ile sauti ya Oklahoma, maneno machache tu, ya kujitetea kitambulisho kilipokuwa na kasoro. Siku tatu baadaye alichukuliwa na wapiganaji dukani kwa baba yake. Fundi cherehani aliambiwa asitafute. Dhannun alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kinyozi, akamkabidhi Najiba simu, akaenda kukaa uani bila koti. Najiba alimfuata na blanketi, akamkuta anapumua kwa kelele, mdomo wazi, kama anayejaribu kuanza sentensi.

Alifungua duka dogo la madaftari karibu na soko la Duhok. Mara tatu walikuja watu kumtaka kazi ya ukalimani, kwa mshahara ambao hakuwahi kuuona tangu azaliwe, na mara zote tatu alisema wamekosea mtu. Wenyeji waliongea Kikurdi, naye akajifunza cha kutosha kuuza kalamu. Wageni wa mashirika ya misaada walipoingia alionyesha bei kwa vidole.

Siku moja aliingia mwanamke wa Kimarekani mwenye nywele za kijivu, kavaa koti la mvua. Alichagua madaftari sita, akayapanga mezani, akamtazama Dhannun kwa wema, akamuuliza kama anafahamu Kiingereza kidogo. Maneno yake yalivutika kwa namna ileile ya kule mashambani.

Dhannun alitikisa kichwa kwamba hapana. Rafal, aliyekuwa anapanga rafu, alimpokea yule mgeni pesa, akamjibu kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, b kila mahali. Mwanamke akacheka kwa upole, akamsifu kwamba anajitahidi sana. Alipotoka, Dhannun alikwenda mlangoni, akachungulia barabara yote, juu na chini, kuona kama kuna aliyesimama kuwatazama.