Neno la Mwisho Kutoka Mbeya

Kilichoninyima usingizi ni neno moja: subiri.

Nililala chali katika nyumba ya watumishi pale Chimala, nikiligeuza neno hilo kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria. Nisubiri kidogo? Nisubiri mpaka niambiwe? Mpaka kesho? Aliyelisema hakuongeza kitu. Alikuwa Mbeya, kwenye redio koli ya ofisi kuu ya mifugo, nami nilikuwa nimemwomba namba ya safari ili gari letu lishuke bonde la Usangu kuchanja ng'ombe. Akasema, "Chimala, subiri." Redio ikakoroma, ikakatika. Siku nzima haikusema tena.

Namba ya safari ilikuwa hivi. Miaka ile ya sabini mafuta yalikuwa ya shida, na mkubwa mmoja aliamua kwamba gari la idara lisitoke uani mpaka Mbeya itoe namba kwa redio. Spika ilitundikwa dirishani ili mlinzi wa geti naye aisikie. Akiisikia, anainua boriti iliyoziba njia. Asipoisikia, boriti inabaki pale ilipo, hata awe waziri aliyekaa kwenye gari.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro karibuni tu, bado niko kwenye kipindi cha majaribio ingawa nimeshakabidhiwa kituo, na kila jambo nililifikiria mpaka likaota pembe. Huenda Mbeya wamegundua chanjo ina kasoro. Huenda kuna daraja limekwenda na maji. Au huenda ni mtihani, wanataka kuona kama kijana wa shahada ana nidhamu. Nilijiona nimefukuzwa, nashuka kwenye basi la Iringa na sanduku langu, kisha napanda gari la kwetu Kilolo, mchana kweupe, kila mtu akiniona. Baba alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kanisani kwamba mwanawe ni mtu wa serikali.

Lakini ndani ya ofisi kulikuwa na sanduku la chanjo lililoletwa na basi, limejazwa barafu, nasi hatukuwa na jokofu. Na huko bondeni Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kutoka kaskazini walikuwa wamekusanya ndama wao kwa ajili yetu. Ugonjwa ulikuwa chambavu. Ndama anaamka mzima, jioni anachechemea, paja limevimba, na keshoye ni mzoga. Waliotangulia kazini kabla yangu waliwaahidi kwenda, hawakwenda. Barafu ikiisha, chanjo imekwisha, nami ningekuwa mwongo mwingine tu wa serikali.

Asubuhi nilimkuta dereva anafuta kioo cha gari. Alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kwaya.

"Bwana Mifugo, umelala kweli wewe? Macho kama ya bundi."

"Redio imesema?"

"Imekohoa mara moja. Nikaiambia pole."

Nilimuuliza yeye analielewaje lile neno. Akaacha kufuta kioo, akafikiri kwa uzito kabisa. "Subiri ya serikali haiishi yenyewe," akasema. "Aliyeiweka ndiye wa kuiondoa. Ikibaki hewani, inabaki."

Mlinzi, mzee wa Kisangu aliyevaa koti la jeshi katika joto lile, akaunga mkono kutoka getini. "Hata mimi niliisikia kwa masikio yangu! Subiri!"

Nilikwenda posta kupiga simu. Karani akanijibu bila kuinua kichwa kwamba nguzo zimelala huko Igurusi tangu mvua ya juzi. Nikafikiria kutuma ujumbe kwa basi. Basi lilikuwa la alasiri, lingefika Mbeya ofisi zimefungwa, na jibu lingenikuta mimi na sanduku la maji ya uvuguvugu.

Nikarudi na kuisogelea redio yenyewe. Lilikuwa sanduku la chuma la kijivu, skrubu zake zimefunikwa kwa lakiri nyekundu, na juu yake kibandiko kikikataza mtu yeyote kulifungua isipokuwa fundi wa Mbeya. Fundi mwenyewe angeitwa kwa redio hiyohiyo. Nilisimama pale na bisibisi mkononi, kisha nikairudisha mezani. Sikujua hata ningetafuta nini ndani.

Nje, gari lilikuwa na tabia nyingine kabisa. Ukifunua boneti, kila kitu kilikuwa mbele ya macho yako: mkanda wa feni, kabureta, waya zote na kule zinakokwenda. Dereva alikuwa ameshalitengeneza porini kwa kipande cha mpira wa ndala. Gari lile halikumficha mtu kitu wala halikumngoja mtu. Sisi ndio tuliolifunga kamba ndefu isiyoonekana, tukaenda kuifunga ncha ya pili Mbeya. Siku hizi nasikia kuna magari yanayowasiliana na mtambo wa ng'ambo, na nimeiona kwa macho yangu televisheni ya mjukuu wangu ikigoma kwa sababu mtandao umekatika, ilhali umeme upo na kioo ni kizima. Wenzangu wanashangaa. Mimi huishia kucheka, maana uani pale Chimala tulikuwa nalo gari la namna hiyo, tena la mikono yetu wenyewe.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma alipoingia mtu mmoja na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliokuwa wakitungoja bondeni. Wenzake walikuwa wamemtuma. Alituamkia vizuri, akanywa maji, halafu akalizunguka gari letu polepole kama mnunuzi mnadani.

"Gari limeharibika?" akaniuliza.

"Hapana, ni zima."

"Mafuta hayapo?"

"Yapo. Tangi limejaa."

"Dereva anaumwa?"

"Mimi huyu hapa," dereva akasema. "Naumwa njaa tu."

"Na dawa?"

"Ipo ndani, kwenye barafu," nikajibu.

Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa kilichokosekana ni nini?"

Mlinzi akainua kidole kuelekea dirishani. "Sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya Mbeya."

Yule bwana akaiendea spika, akainama, akaitegea sikio. Kimya. Akaigonga kwa ukucha. "Huyu wa Mbeya ndiye anayesukuma gari?"

Dereva alicheka mpaka akashika bawaba za mlango. Mgeni hakucheka. "Basi, Bwana Mifugo, tuambie tu. Tuwaswage ndama mpaka Mbeya, wakachanjwe na hiyo sauti." Halafu akashusha sauti. Ndama mmoja alikufa jana, akasema, na leo wawili wameamka wanachechemea. Wengine wamefungiwa zizini tangu jana, hawajala wala kunywa, na mama zao wanalia nje ya miiba. Wenzake wamekubaliana kungoja mpaka jua la utosi. Likipita, wanafungua zizi, kila mtu anaondoka na mifugo yake, na asije mtu wa serikali kuwaita tena.

Nikatazama juu. Jua lilikuwa bado upande wa mashariki.

Ajabu ni kwamba kichwa changu, kilichokuwa kimepiga kelele tangu jana, kilitulia. Maswali yangu yote yalikuwa yakimhusu mtu wa Mbeya: alitaka nini, alijua nini, angesema nini. Swali la mtu wa baiskeli lilikuwa moja, na majibu yake yote yalikuwa uani kwetu. Gari lipo. Mafuta yapo. Dereva, dawa, mchanjaji, wapo. Neno lile lilitolewa na mtu asiyeona zizi. Mimi sasa nililiona.

"Pakia sanduku," nikamwambia dereva.

"Namba?"

"Hakuna namba. Tunakwenda."

Alinikazia macho, kisha tabasamu likamwenea uso mzima. "Sasa huyu ndiye Bwana Mifugo!" Akakimbilia sanduku, mtu mzima yule, kama kijana wa mpira.

Mlinzi alikuwa amejipanga mbele ya boriti. "Mwanangu, mimi sijasikia kitu."

"Mzee, sikiliza basi." Nilijisogeza mpaka karibu naye, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Mimi, mkuu wa kituo hiki, nimeamua gari litoke. Redio ikirudi, waambie tulikokwenda na aliyeamua. Usifiche hata neno."

"Wakiuliza nani alifungua?"

"Mimi."

Nikaishika boriti kwa mikono miwili nikaiinua mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mzee akaangalia pembeni kwa adabu, lakini ilipoanza kunielemea alinyoosha mkono mmoja, akaisukuma juu. "Sijafungua," akanong'ona. "Nimekusaidia tu isikuangukie."

Gari likapita. Tulitupa baiskeli nyuma, mwenyewe akakaa mbele katikati yetu kutuonyesha njia, na dereva akaanza kuimba wimbo wa kwaya wa kwao mara tu tulipoiacha barabara kuu. Tulipita mashamba ya mpunga, tukavuka mifereji, tukaingia kwenye nyika nyeupe ya vumbi. Sijapata kulifurahia vumbi kama siku ile.

Tuliliona zizi kutoka mbali. Watu walikuwa wamesimama kwenye lango la miiba, na mmoja alikuwa ameshalishika tawi la kufungulia. Dereva akapiga honi bila kuachia. Yule mtu akaliacha tawi, akainua mikono yote miwili, na vigelegele vya wanawake vikatufikia kabla hatujasimama.

Nilifungua sanduku mbele yao wote ili waone. Barafu ilikuwa imebaki vipande vyembamba vinavyoelea, lakini chupa nilizozitoa zilikuwa baridi mkononi. Nikajaza bomba la sindano, nikakunja mikono ya shati, nikasema, "Leteni wa kwanza."