Katapila Uani kwa Wakwe

Miaka ile ya themanini nilipatwa na furaha ya kipumbavu. Nilikuwa fundi wa mitambo wilayani, nimeposa binti wa kijiji kimoja nje kidogo ya Tinde, halafu kazi yenyewe ikanipeleka mpaka nyumbani kwao, kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilikuwa nikiamka asubuhi nacheka peke yangu. Dereva wa katapila, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi, aliniuliza kama kuna nati imelegea kichwani.

Katapila lilikuwa dogo, lina koleo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Usiku lililazwa uani kwa baba wa mchumba wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji na ua wake ulizungushiwa miiba. Raha iliyoje, na tabu iliyoje! Kwetu Wasukuma mama mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi ovyo. Akitokea mbele yako, unachepuka. Nami nilichepuka mpaka nikazoeana na kila mwiba wa ua ule.

Posa ilikuwa imepokelewa, ila haijajibiwa. Mzee aliniambia wazi kwamba yeye hana neno, jibu liko kwa mama. Na mama alikuwa kimya.

Basi katapila likaugua. Asubuhi likiwashwa linachimba vizuri. Baada ya muda mfupi pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kuinulia koleo, inaanza kulia, koleo linapanda kwa kutetemeka, halafu halipandi kabisa. Tukizima tukapumzika, linafanya kazi tena, kisha linarudia yale yale. Injinia wa wilaya akatuma neno kwamba jioni hiyo lori litakuja, na likikuta mtambo haujapona litaubeba kwenda kwenye barabara ya Nyarugusu, ukatolewe vipuri vya kusaidia mtambo mwingine.

Mzee aliponisalimia asubuhi hiyo hakutabasamu. "Kijana," alisema, "watu wameacha mashamba wanangojea maji. Chuma hiki kikiondoka, mimi nitamwambia nini mama?"

Furaha yangu ikapungua, lakini haikuisha. Mapenzi hayana adabu.

Dereva alishakata shauri. "Pampu imekwisha, fundi. Na pampu mpya utaipata wapi nchi hii, wakati hata sabuni hatuna?"

Nilikagua mipira ya mafuta, haivuji. Niliinua koleo likiwa bado na nguvu, nikazima injini, nikaketi kulitazama. Halikushuka hata kidogo, kwa hiyo sili za silinda, zile pete za kuzuia mafuta, zilikuwa nzima. Mafuta tangini yalikuwa tele. Imebaki pampu, na hapo ndipo nilipoanza kucheka, dereva akadhani ile nati sasa imeanguka.

"Wewe ulishaona kitu kilichochakaa kikapona kwa kulala?" nilimwuliza. "Pampu iliyokufa ingekuwa imekufa asubuhi na mchana. Hii inanyimwa mafuta. Kuna kitu kinavutwa mpaka kwenye tundu la kunyonyea, kinaliziba. Tukizima, kinaachia."

Tukafungua nati ya chini ya tangi. Mafuta ya haidroliki hayakupatikana madukani miaka ile, kwa hiyo hatukukubali hata tone lipotee. Ukoo mzima ulileta madebe na masufuria, na mchumba wangu akaleta kanga kuukuu ya kuchujia, akainamisha uso kwa heshima huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilijipaka mafuta mpaka masikioni na sikujali.

Tangi lilipokauka nikatia mkono ndani, nikatoa bonge la pamba. Nikatia tena, nikatoa jingine. Na jingine. Pamba ya shambani, yenye mbegu zake, imelowa chepechepe. Nikatazama mdomo wa tangi, ambao kifuniko chake kilipotea zamani. Ulikuwa umezibwa kwa pamba nyingine, nyeupe, ya jana. Kumbe kila siku nilikuwa nikiiona, nikadhani ni ya dereva. Naye alidhani ni yangu. Katapila likitikisika, pamba inadidimia ndani.

Mwenyekiti aliyatazama yale mabonge, sura ikabadilika. "Nani ametia pamba humu? Huu ni uhujumu." Neno hilo siku zile halikuwa la mzaha, lilifunga watu. Macho ya watu yakamgeukia dereva wa Tanga, naye akarudi nyuma hatua moja. "Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akaongeza. "Nataka ajitokeze."

Mama akatoka jikoni. Nikaanza kuchepuka, lakini nyuma yangu ni madebe ya mafuta, mbele ni katapila, sikuwa na njia. Nikageuza uso. Alipita karibu yangu bila kunitazama, akasimama mbele ya mtambo, akasema nao kwa Kisukuma, polepole, kila mtu akisikia.

"Wewe katapila, mwambie mkwe wangu ni mimi niliyekuziba. Kila jioni nakukuta mdomo wazi na vumbi linakuingia. Nikakuziba kama ninavyoziba chupa ya mafuta ya taa. Asubuhi pamba haipo, nikadhani imechukuliwa na upepo, nikaweka nyingine. Nilitaka usiumwe, yeye asiaibike."

Watu wakaangua kicheko, na mzee akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Dereva alikaa chini palepale, akavuta pumzi. Katika maneno yote yale nilikuwa nimeshika moja tu, na moyo ulinidunda kuliko injini yoyote niliyowahi kuifungua.

"Kijana, umesikia?" mzee akauliza.

Nikaweka kiganja changu kichafu ubavuni mwa lile katapila.

"Mwambie mama," nikaliambia, "mkwe wake amesikia."