Sufuria Sita za Mama Sikio

Mama alipikia shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, na huko walimwita Mama Sikio. Angekuwa uani anachambua maharage, mara apaze sauti, "Nyie, punguzeni moto, inamwagika!" Na kweli, huko ndani sufuria ilikuwa inafurika. Sufuria zake alizigonga msumari karibu na mshikio, nukta tatu kila moja, zisichanganyike na za wenzake. Alipostaafu alihamia kwangu nazo zote sita, na tangu siku hiyo jiko si langu. Hata chai sikuthubutu kukoroga.

Mwaka huu gesi ikavuja mara mbili. Mara ya pili nilirudi kazini nikakuta nyumba nzima inanuka, jiko liko wazi, moto hakuna, na Mama ametulia zake sebuleni. Jamani, nilifoka! Mimi nikikasirika mdomo hauna breki. "Umezeeka, Mama. Utakuja kutuua." Wiki hiyohiyo nikaagiza jiko la umeme la kioo, lile linalopasha sufuria kwa sumaku, lisilo na moto wala gesi. Nikajiona nina akili kweli kweli.

Fundi umeme, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuja siku moja kabla ya kulifunga jiko, kuvuta waya mpya hadi jikoni. Alichora kwa penseli mahali pa kukata meza, akaniambia niondoe kila kitu kwa sababu ya vumbi. Kisha akatoa sumaku ndogo mfukoni.

"Tupime sufuria kwanza, dada. Jiko hili linachagua."

Akaibandika chini ya ile kubwa. Ikaanguka. Ya pili, ikaanguka. Zote sita ni za alumini, hakuna hata moja iliyoshika. Mama alizipokea mojamoja, akipapasa zile nukta kwa kidole, akazirundika mapajani.

"Zimelisha watoto mia nne," alimwambia fundi. "Leo ndiyo hazifai?"

Kesho yake asubuhi nilihamishia vyombo sebuleni: chumvi, sukari, majani ya chai, vikombe. Nikaenda kuoga. Kutoka tu, nikasikia kitu kimeanguka. Mama alikuwa jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine unapapasa meza tupu. Alikuwa anahesabu taratibu. "Moja, mbili, tatu... chumvi." Chumvi haikuwepo. Akarudi mlangoni, akaanza upya.

Nilichukua kopo nikamsogelea. "Chumvi hii hapa, Mama."

Nilikuwa mbele yake kabisa. Akanyoosha mkono pembeni, pasipo na kitu.

Mungu wangu! Nikaushika ule mkono. "Tangu lini, Mama?"

"Kitambo. Naona mwanga tu, basi. Hospitali nilishakwenda mwenyewe, walisema mishipa ya macho imekufa."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya jiko." Akavuta pumzi. "Moto wa gesi mimi nausikia. Siku ile upepo uliuzima, na jirani alikuwa anakata vyuma. Sikusikia, na harufu nayo, mafua yalikuwa yameniziba pua."

Nilikaa palepale sakafuni nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimemwambia amezeeka, kumbe muda wote huo alikuwa anatupikia gizani, na hakuna siku hata moja chumvi ilizidi. Nilitaka kumpigia fundi asije. Lakini gesi ningemwachiaje tena? Sikupiga.

Mchana fundi akakata meza, akakipachika kioo, akaunganisha waya. Mama akaomba akiguse. Akapitisha viganja juu yake, akarudia mara ya pili.

"Vya kuwashia viko wapi?"

"Unagusa tu hapa, mama, halafu unaangalia taa."

"Na likiwaka, linasemaje?"

"Halisemi kitu," fundi alijibu kwa fahari. "Kimya kabisa. Ndiyo uzuri wake."

Mama akatikisa kichwa polepole. Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi akafuta vumbi, akatuangalia. "Haya, mpishi wa hapa ni nani, nimwelekeze?"

Mama akanitafuta kwa mkono, akanipata begani, akanisukuma mbele kidogo.

"Mwelekeze huyu," alisema. "Chumvi anazidisha, lakini atajifunza."