Mama Kapu na Majiko ya Barabara ya Juu

Jina la Mama Kapu hakupewa na wazazi wake, wala halikutokana na mtoto wake yeyote. Alipewa na wageni waliokuwa wakipanda mlimani kupumzika siku chache kisha wakaenda zao, likamganda mpaka leo. Hata mumewe humwita hivyo, hasa anapotaka kuongezewa chai.

Kabla ya hapo alikuwa dobi. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake ilipita katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa ya ule mji, chini kabisa, katikati ya mvuke na mashuka meupe. Shuka la kitanda kipana alilikunja peke yake, akilibana kwa kidevu huku mikono ikienda kasi, na lilipotua juu ya meza pembe zake zilikuwa zimekutana sawasawa. Wageni waliolalia mashuka hayo hakuwajua. Alichokijua ni madoa yao tu. Aliweza kukwambia nani amekunywa kahawa kitandani na nani ametumia taulo kupangusia viatu, lakini angepishana na mtu huyohuyo barabarani asimtambue.

Kisha mwenye hoteli akafariki, warithi wakashindwa kuelewana, milango ikafungwa. Dobi akarudishwa nyumbani na pasi moja ya zamani aliyopewa kama zawadi ya kuagwa. Mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba, alimwambia huu sasa ndio wakati wa kupumzika, watoto wameshakuwa wakubwa na wana kwao. Akajaribu. Alipumzika wiki ile ya kwanza, akafua mapazia yote, ya pili akayafua tena, na ya tatu fundi akaanza kuficha mashati yake yaliyo safi.

Wageni, lakini, hawakuacha kuja. Hewa ya mlimani ilikuwa ileile, baridi tamu na miti mirefu, na badala ya hoteli sasa walikodi nyumba ndogo za mapaa mekundu zilizojipanga kando ya barabara ya juu. Wenye nyumba hizo waliishi mbali. Funguo walimwachia fundi bomba, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiitwa kila mfereji ulipovuja. Tatizo la mji ule lilikuwa moja: giza likiingia ukungu unashuka, na ukungu ukishuka maduka yanafungwa. Ukitaka hata chumvi unangoja kukuche.

Jioni moja ya mvua, fundi na mkewe walikuwa wanangojea mgeni wa kuchukua ufunguo. Alitakiwa kufika mchana, lakini lori lilikuwa limeharibika katikati ya daraja na magari yote yakakwama nyuma yake. Alipogonga mlango, nje kulikuwa kweusi tititi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimelowa, na kwenye gari aliacha watoto wawili wanaolia njaa pamoja na baba yake mzee aliyejifunika koti mpaka puani. Alipokea ufunguo, akashukuru, kisha akauliza ni wapi angeweza kupata chakula.

Fundi alimweleza ukweli. Duka la karibu limefungwa, mwenye duka anakaa bondeni. Mkahawa ulio karibu na stendi nao umeshazima moto.

Mgeni akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa na furaha yoyote. Akasema kwa sauti ya chini kwamba watoto anaweza kuwabembeleza wakalala, ila mzee ana dawa zake za jioni, na dawa hizo hazinywewi tumbo likiwa tupu.

Dobi alikuwa jikoni akisikia yote. Juu ya jiko lake kulikuwa na wali na maharage, chakula chao cha jioni na cha mchana wa kesho. Akazitazama sufuria zote mbili. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa ameshinda siku nzima chini ya sinki la watu na ambaye pua yake ilikuwa imeshaelekea jikoni. Alichukua kapu lake la sokoni, akaweka sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa, nusu mkate, mayai, chupa ya maziwa, majani ya chai na sukari. Alipofika mlangoni akarudi kuchukua chumvi na kiberiti.

Yeye na mgeni wakapanda pamoja hadi kwenye nyumba. Ilikuwa nyumba ya kutamanisha, yenye makochi mapana, na sufuria zinazong'aa zimetundikwa ukutani kama mapambo. Mgeni alifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Alichokikuta ni mkebe wa chumvi iliyoganda kuwa jiwe, basi. Jiko la gesi lilikuwepo, lakini cha kuliwashia hakikuwepo, na hapo ndipo kiberiti kilipopata heshima yake.

Mzee alikula polepole, koti bado mabegani. Alipomaliza alinyoosha mkono juu ya meza akaushika wa dobi.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulala na maji ya moto," alisema.

Watoto walilala palepale kwenye kochi, wali ukiwa mashavuni. Mgeni alipomsindikiza dobi mlangoni, alitaka kumlipa, dobi akakataa katakata, akamwambia arudishe sufuria tu. Mgeni akageuka kuliangalia lile jiko zuri.

"Dada, kuna sahani za kulishia harusi humu, lakini hamna hata punje ya mchele. Ningekuta mkate na maziwa tu kabatini, ningelia kwa furaha."

Dobi alishuka mlima katika ukungu, mkononi kapu tupu, na maneno yale yakawa yanamzunguka kichwani. Nyumbani fundi alikuwa amemsubiri. Wakala ile nusu ya mkate iliyobaki, kwa chai ya rangi, na fundi akasema kwa upole kwamba anaona leo wamefunga. Mkewe hakumsikia. Alikuwa ameshika tama, macho yako mbali, na fundi, aliyemjua mkewe kama mfuko wa suruali yake, akajua kuna jambo linakuja.

Lilikuja asubuhi. Alitaka kujaza majiko ya barabara ya juu kabla wageni hawajafika. Fundi alipinga. Alisema hizo ni nyumba za watu na wageni wa watu, wataonekana wanajipendekeza, na yeye kapewa funguo kwa ajili ya mabomba tu, hakupewa kwa ajili ya makabati.

"Nimewafulia watu mashuka maisha yangu yote bila kuwaona sura," mkewe alimjibu. "Sasa nataka kuwaona wakila."

Fundi alimpigia simu mwenye nyumba ile, akampa mkewe aongee mwenyewe. Mwenye nyumba alisema wageni wake ni watu wanaojiweza, huja na vyakula vyao. Dobi akamuuliza, kwa adabu zote, kama yeye mwenyewe amewahi kufika kwenye nyumba yake usiku akiwa na watoto. Mwenye nyumba akasema haya, jaribu.

Akajaribu, wageni wakilipia vyakula, na baada ya muda wenye nyumba wengine nao wakamwomba. Kabla ya kila safari alimpigia mgeni simu na kumwuliza maswali mawili tu: mko wangapi, na nani hali chakula gani. Watu walishangaa, halafu wakafunguka. Mmoja alisema mkewe ni mjamzito na harufu ya kitunguu inamchefua. Mwingine alisema mama yake hana meno. Kijana mmoja alikiri kwamba anakuja peke yake na hajui kupika chochote, na dobi akamwachia viazi vilivyokwishachemshwa pamoja na maelezo ya namna ya kukaanga yai. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa anawajua watu kabla hawajafika. Mtoto wa mgeni mmoja, alipomwona akipanda barabara, alipiga kelele kwamba mama wa kapu amekuja. Jina likazaliwa hapo.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Siku moja alichanganya nyumba. Maharusi waliokuja fungate walikuta unga wa uji wa mtoto, ndizi za kupondwa na maziwa ya kutosha kulea pacha, na wenye mtoto mchanga wakakuta nyama nzuri, matunda yaliyopangwa kama maua, na mishumaa miwili. Mama Kapu alipogundua alipanda mlima akikimbia, aibu imemjaa tele. Maharusi walimpokea wakiwa hawajiwezi kwa kicheko. Walirudi mwaka uliofuata wamebeba mtoto, wakasema uji ule ulikuwa na nguvu zake. Fundi anapenda sana kukisimulia kisa hiki, na kila anapokisimulia hutia chumvi; siku hizi bibi harusi anazirai kabisa.

Kazi ilipokua, Mama Kapu aliwatafuta wenzake wawili wa chumba cha kufulia, ambao nao walikuwa wamekaa tu majumbani. Waliyajua mambo ya usafi kama walivyoijua mikono yao. Nyumba waliyoipitia hao watatu ilinukia sabuni na mkate.

Sasa sikia yaliyotokea siku zile za mapumziko marefu, nyumba zote za barabara ya juu zikiwa zimechukuliwa. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi sehemu ya mlima ikaporomoka juu ya barabara ya kutoka bondeni. Hakuna aliyeumia, lakini lori la sokoni halikuweza kupanda. Wageni walipiga simu kusema wanakuja hivyohivyo. Wangeacha magari upande wa pili na kuvuka tope kwa miguu. Wenye duka walikuwa wameshauza mpaka rafu zikabaki mbao. Fundi alimshauri mkewe awaambie wageni wasije.

Mama Kapu alifikiri juu ya watu watakaofika gizani, wamelowa, wakifungua makabati matupu. Akafunga kibwebwe. Aliwaita wenzake, akawaambia leo hawaendi sokoni, wanapita mlango kwa mlango.

Na kweli walipita. Katika ule mji, nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kitu ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiona. Mjane aliyekaa karibu na shule alikuwa na kuku wanaotaga mayai mengi kuliko alivyoweza kula. Mshona viatu alikuwa na kabichi kubwa kama vichwa vya watu. Nyumba moja ilikuwa na ng'ombe, nyingine viazi vilivyojaa stoo. Wengine walidhani anatania; walizoea kuona chakula cha wageni kikitoka mbali kwa lori. Mjane wa kuku alimwuliza mara mbili kama wageni wa barabara ya juu wanakula mayai ya kawaida.

"Watakula, na watauliza yametoka kwa nani," Mama Kapu alimwambia.

Kufikia jioni kila jiko lilikuwa limewashwa. Fundi mwenyewe alibeba viazi mgongoni mpaka akasema mabomba ni mepesi. Wageni walianza kutokea kwenye ukungu, familia baada ya familia, tope mpaka magotini, wamebeba mabegi kichwani, nyuso zimekunjamana. Kila mlango uliofunguliwa ulitoa joto, na ndani kulikuwa na sufuria mezani, maji ya moto, na maziwa yaliyokamuliwa siku ileile. Mama Kapu alisimama barabarani na kapu lake, akiwaelekeza nyumba zao mmoja mmoja kwa kile alichokijua: ninyi wenye bibi, pale; wewe usiyekula nyama, kule mwisho. Alisikia milango ikifungwa, vijiko vikianza kugonga sahani, watu wakicheka. Alisimama pale mpaka sauti zote zikatulia, na kifua chake kilikuwa kimejaa furaha kiasi kwamba hakuona baridi.

Katika nyumba ya mwisho alikuwa amefika bwana mmoja mkimya aliyekula viazi, kabichi na mayai bila kusema kitu. Asubuhi alimtafuta Mama Kapu. Kumbe alikuwa amekuja kuiangalia ile hoteli iliyofungwa. Ameshakubaliana na warithi, anaifungua upya. Alisema anamtaka awe mkuu wa jiko, mshahara mzuri, sare, na chumba chake mwenyewe mle hotelini.

Zamani dobi yule angeitikia kabla sentensi haijaisha. Sasa alikunja mikono, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana, kuajiriwa nimeshaajiriwa sana," alisema. "Nitakuletea chakula, mimi na wenzangu, kama tunavyowaletea hawa. Na mayai yatatoka kwa mjane wa pale shuleni, viazi kwa jirani zangu. Lori litaleta tunachokosa."

Bwana yule alicheka, akampa mkono. Walipoifungua hoteli, Mama Kapu aliingia kwa mlango wa mbele, kapu mkononi, na majirani zake nyuma yake na mizigo yao. Hakuteremka kwenye chumba cha kufulia. Alisimama kwenye ukumbi wa chakula akawatazama wageni wakila, mmoja baada ya mwingine, sura kwa sura, bila haraka.

Fundi bomba bado anafanya kazi yake, ingawa sasa anachagua. Majuzi alikuwa kwa kinyozi, na mtu mmoja aliyehamia karibuni alimwuliza kama ni kweli yeye ndiye fundi anayetunza funguo za barabara ya juu. Fundi alisema mambo ya funguo na mabomba amwulize baadaye. Akainamisha kichwa ili kinyozi amalizie kisogo, akaongeza, kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Mimi ni mume wa Mama Kapu."