Dalali Haamkii Mtu

Sharti lilikuwa moja tu: mbaya wa mchezo haamkii mtu. Haitikii salamu, haulizi hali, hatoi pole msibani. Masudi alilikubali siku aliyojiunga na kikundi cha mieleka cha Lameck pale Chang'ombe ya Dodoma, na kwa miaka mitatu alilishika kwa uaminifu ambao wengi wetu hatuupi hata ndoa zetu.

Lameck alikuwa mchomeleaji wa mageti kabla ya kuwa mwenye kikundi. Ulingo aliuchomelea mwenyewe, na elimu ya kuuendesha aliipata kibanda umiza, alikokuwa akitazama mieleka ya ng'ambo kwa video. Aligundua kwamba watu hawaji kutazama ngumi. Wanakuja kumchukia mtu. Sasa mtu huyo akionekana Jumatatu anakunywa chai na yule aliyemvunja mbavu Jumapili, chuki inapoa, na chuki ikipoa hakuna anayekuja kuitazama.

"Ubaya wako usiishie kwenye kamba," alimwambia Masudi. "Lala nao."

Basi Masudi, kijana wa Kirangi aliyelelewa Kondoa na mama anayeamkia hata abiria asiowajua stendi, akawa Dalali. Akavaa koti jekundu la kumeta na miwani myeusi. Kwa Dodoma ya leo, ambapo kila kichaka kina wenyewe wawili na kila mwenyewe ana wakili, hakuna haja ya kumvalisha mtu pembe ili achukiwe.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Dalali amekiuza kiwanja cha mama mjane kwa mtu mwingine. Mjane huyo aliigizwa na Tereza, muuza mchicha, ambaye kila Jumapili aliketi kando ya ulingo akilia ndani ya kanga. Mwanawe wa mchezoni alikuwa Yotham, Mgogo mwenye kifua kama mlango, aliyeitwa Mkulima na kuingia ulingoni na vichala vya zabibu shingoni. Dalali aliingia na bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, ambalo kwa kweli lilikuwa kipande cha godoro kilichopakwa rangi ya saruji. Mkulima anakaribia kushinda, mwamuzi anageuka, Dalali anamtwanga kisogoni na bikoni, kiwanja hakirudi. Wiki inayofuata, vivyo hivyo. Mwamuzi aligeuka kila mara, maana ndiyo kazi aliyoitiwa.

Kisa kikatoka Chang'ombe kikafuata minada hadi Buigiri, na kila kilipofika watu walimtukana Dalali kana kwamba kiwanja kilikuwa chao. Wengine kweli walikuwa na chao kilichouzwa. Mzee mmoja alimvizia Masudi nyuma ya turubai na fimbo, akitaka aonyeshwe ilipokwenda ekari yake.

Mtaani Masudi aliwapita wazee kama nguzo za umeme. Shujaa naye alikuwa na sharti lake: aamkie kila mtu. Yotham hakuwapenda wazee hata chembe, na shikamoo zikamchosha kiasi kwamba akaanza kupita makorongoni ili azikwepe. Watu wakasema, mwoneni kijana mnyenyekevu, hata barabara anawaachia wenzake. Uongo ni uongo hata ukivaa chupi ya kumeta, ila huu ulipigiwa makofi.

Koti la Dalali lilishonwa na Mwanaidi, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na msikiti. Ndani ya kibanda hicho, pazia likishashushwa, Dalali alirudi kuwa Masudi.

"Baba anasema jana umempita kama unapita choo cha stendi," alisema Mwanaidi, pini ziko mdomoni.

"Nilimwona. Moyo uliniuma."

"Moyo hauonekani, Masudi. Ungemwamkia hata kwa nyusi."

"Nilikuwa na miwani."

Mwanaidi alicheka mpaka pini zikamwagika. Wakaziokota pamoja kwa muda mrefu kuliko pini zilivyohitaji, na walipoinuka walikuwa wamekubaliana kuoana.

Mjomba wa Masudi, Zaidi, akaja kutoka Kondoa kuwa mshenga. Baba wa Mwanaidi, Mzee Abbasi, aliwahi kuendesha greda, na hakukosa mieleka hata Jumapili moja. Aliketi mstari wa mbele na kutukana kwa ufasaha.

"Kijana ni mwema, mzee mwenzangu," alisema Zaidi. "Ule ni mchezo tu."

"Mchezo? Miaka mitatu nakaa kwenye baraza langu, ananipita. Hapo barazani kuna ulingo?"

Salamu si mali ya mtu kuikodisha, na Masudi alikuwa ameikodisha.

"Mwambie hivi," akaendelea Mzee Abbasi. "Arudishe kiwanja cha yule mama mbele za watu. Kisha aje aniamkie. Hapo tutaongea habari za mahari."

"Lakini kiwanja hakipo, mzee."

"Ndivyo madalali wote wanavyosema."

Masudi akamwendea Lameck kumwomba Dalali atubu.

"Mbaya akitubu, nani atachukiwa? Mimi?" aliuliza Lameck. "Oa ukipenda, lakini oa ukiwa mbaya."

Masudi alirudi nyumbani akiwa ameamua kutubu bila ruhusa.

Jumapili iliyofuata, mwamuzi alipogeuka, Dalali hakumpiga mtu. Alivua miwani, akashuka ulingoni na bikoni yake, akapiga magoti mbele ya Tereza na kuiweka mapajani mwake.

"Shikamoo mama. Nimekosa. Kiwanja ni chako."

Tereza hakuwa ameambiwa. Alimtazama Lameck, Lameck akatazama mbingu. Halafu mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Usiitikie, mama! Ukiitikia tu, umeuza!"

"Mtazameni anavyolia, jambazi!"

"Na nyumba ataichukua!"

Tereza akafanya jambo ambalo angefanya mjane yeyote mwenye akili. Aliinua bikoni akamtandika nayo utosini. Yotham, asiyejua kinachoendelea na asiyetaka kupitwa, akaruka kutoka kwenye kamba akatua mgongoni mwake. Masudi, uso mchangani, aliendelea kutoa shikamoo kwa mstari wa mbele wote, mmoja mmoja, na kila shikamoo iliongeza vifijo na matusi. Haijapata kutokea mieleka tamu kama ile. Lameck, aliyekuwa karibu kuzirai, alifumbua macho na kutabasamu.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Masudi alivaa kanzu akaenda kwenye baraza la Mzee Abbasi. Akainama, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee."

Mzee Abbasi aliuingiza mkono wake mfukoni.

"Safari hii unataka kiwanja gani?"

"Sitaki kiwanja, mzee. Namtaka Mwanaidi."

"Kumbe kiwanja chenyewe ni binti yangu."

Masudi akakimbilia kibandani. Mwanaidi hakushusha pazia.

"Jana ulipopiga magoti nililia," alisema. "Halafu nikakumbuka Tereza naye hulia hivyohivyo kila Jumapili. Nikajiuliza, je, humu ndani ulikuwa unanifanyia nini?"

"Wallahi Mwanaidi, humu nilikuwa mimi."

"Dalali naye huapa, Masudi. Namsikia kila wiki."

Masudi alijaribu tena, kwa mjomba, kwa shangazi, hata kwa imamu. Kila aliyemsemea aliulizwa amelipwa nini. Mwaka haujaisha, Mwanaidi akaolewa na Halfani, kijana mwenye shikamoo ya kuinama kabisa, ambaye shughuli yake ni kuuza viwanja, vingine vikiwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mzee Abbasi humsifu kwa adabu.

Mieleka inaendelea. Dalali sasa hutubu kila Jumapili, na uwanja hujaa. Lameck amelifuta lile sharti, kwa hiyo Masudi huamkia anayemtaka.

Sharti lile lilimgharimu mke aliyempenda, na hakuna mzee Chang'ombe anayemwitikia marahaba.