Ramani ya Akiror

Dada yangu Akiror alikuwa na kichwa kigumu, na sitamsifu kwa sababu tu watu wa Malaba, mji wetu wa mpakani, walimtendea unyama. Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake nyuma ya soko, na kati ya sketi na sketi aliandika hadithi ya nchi ya majini na majitu. Kuanzia mwaka wa tisini na tatu alijaza kaunta buku nne, zile daftari nene. Mimi, Alupo, ndiye niliyelazimishwa kuzisikiliza zote.

Hakuandika ovyo. Kwanza aliweka sheria: mchawi akitumia nguvu zake anasahau jina la ndugu yake mmoja. Kisha akachora ramani nyuma ya kalenda. "Ukitaka mtu aamini jitu la vichwa vitatu," aliniambia, "muonyeshe kwanza matope yenye linakanyaga." Basi matope akayachukua pale pale alipoyajua: vichochoro vinavyoteremka hadi mtoni, migomba, jiwe lililopasuka, kivuko ambapo maji hayafiki magotini. Akabadilisha majina tu. Mjinga! Njia hizo ni za magendo, sukari ilivuka pale kwa baiskeli kutoka Uganda mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuzitaja, sembuse kuzichora.

Aliyeitoa ramani nje ni mimi. Ogutu, mkubwa wa wavushaji, alikuja kuchukua suruali yake Akiror akiwa ameenda kununua uzi. Nikataka kujivunia dada yangu, nikamfungulia ramani. Aliufuata mto kwa kidole, kidole kikasimama kivukoni. Akaondoka, suruali akaiacha.

Alasiri alirudi na wanaume sita.

"Hii unapelekea kastam, watu wa ushuru?" akamuuliza Akiror.

"Ni hadithi, boss. Hiyo ni nchi ya majini."

"Majini gani? Hapa ni kwa mama Okwara. Hapa ndio tunashusha mzigo. Unatuona wajinga?"

Wakamwaga vitambaa, mmoja akakanyaga gauni la arusi la mteja. Majirani, wale wale aliowashonea watoto wao sare, walijazana mlangoni wakipiga kelele kwamba ni msaliti, achomwe pamoja na vitabu vyake. Niliwachukia siku hiyo na ninawachukia mpaka leo.

Mwishowe Ogutu akanyamazisha kelele. "Sikia, dada. Toa hiyo kivuko kwa kitabu, chora ingine mahali hakuna. Sisi tunaenda."

Nilimshukuru Mungu. Akiror akatikisa kichwa. Katika hadithi yake, pale kivukoni ndipo wafu walipovuka kurudi nyumbani, na sura zote ishirini zilielekea pale. "Ukitoa kivuko, hakuna hadithi," akasema.

Nilimsihi, nikamtukana. Wanaume walikuwa wameshatoa kiberiti. Nikanyakua makasi yake mwenyewe, nikakata mto kwenye ramani, nikachana kila ukurasa uliotaja kivuko, nikampa Ogutu. Akaridhika, wakaenda zao.

Akiror alikusanya kaunta buku zilizobaki, akampelekea Roselida, muuza njugu, afungie njugu. Nilimkimbilia dada yangu nikilia, nikamwambia nimemwokoa, kama ni kulaumu amlaumu Ogutu.

"Ogutu hakuwa anajua hii hadithi," akasema. "Wewe ulikuwa unajua."