Mamba Aliyeokoka

Hiki ninachokuja nacho hamtakiamini, na wala sitawabembeleza. Anayetaka ukweli mtupu akasome risiti ya umeme. Mimi nasimulia ya mpwa wangu Nicanor Cassiani, mwendeshaji wa piko hapa La Manga, Barranquilla, na siku mnyama wake alipookoka mbele za watu bila hata kuhubiriwa.

Piko lenyewe mnalijua: kabati la spika la kupigia dansi mtaani, refu kupita mlango, kifuani limechorwa mamba wa kijani kikali, jina lake Mamba Mwenye Wivu. Nyuma ya kitambaa cha huyo mamba kuna spika za besi zilizosukwa kwa mkono na Ulises, kaka yake Nicanor. Ulises alizisuka waya kwa waya, kisha akafa bila kumfundisha mtu. Zikiungua, zimekwenda, hakuna fundi wa kuzifufua. Mwenye mali sasa ni mjane wake, Emperatriz. Alimkabidhi shemeji yake funguo kwa sharti moja, tena kwa sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Nicanor kuliko matusi.

"Shemeji, siku nikisikia harufu ya kuungua kwenye kazi ya mume wangu, piko linarudi chumbani kwangu. Hutaligusa tena."

Tangu hapo kijana akawa mtu wa kunusa. Ananusa mezani, ananusa kwenye basi, ananusa mkewe akipiga pasi. Usingizini hunusa pia.

Sasa, sisi watu wa piko tuna ada yetu. Ukipata santuri ambayo mpinzani hana, unaikwangua karatasi ya katikati ili asijue jina lake wala mwimbaji, halafu unaibatiza jina lako mwenyewe. Nicanor, kwa kuogopa wapelelezi, akapitiliza: akakwangua maandishi yote hata kwenye prosesa. Namaanisha kile kisanduku chembamba kinachopokea wimbo mzima na kuupasua, sauti nzito ziende kwenye besi, nyembamba ziende kwenye spika ndogo za twita. Ndicho pia chenye breki, ile inayoikamata sauti kabla haijawa moto. Pembeni ya breki Ulises alikuwa amechora kwa msumari namba ya mwisho ambayo spika zake zingeweza kuvumilia. Nicanor akaikwangua hata hiyo, kuisoma hakuisoma. Nilimwonya. Lakini kwetu mwenye akili husikilizwa akishazikwa.

Ikafika Jumapili ya kabla ya kanivali, mchana kweupe, ule upepo wa Februari unakunja hata miti. Mamba alikuwa akipambanishwa na Nyigu wa Rebolo, piko la Wilfrido Obeso, mwanamume ambaye Mungu alimpa mdomo wa watu wawili. Nyigu akapiga zamu yake, watu wakacheza. Zamu ya Mamba ilipofika, prosesa ikapepesa taa, ikazima. Vumbi na chumvi vilikuwa vimeila kutoka ndani.

Nicanor akaigonga mara mbili, ikakataa. Akampigia simu Delcy, binamu yake, fundi wa sauti wa kanisa la kona ya pili. Delcy akaja na prosesa ya kanisani kwapani, akionya kwamba aliahidi kuirudisha kabla ya ibada ya jioni.

"Niwekee breki kama ya Ulises," Nicanor akaomba.

"Namba yake?"

Nicanor akamwonyesha mikwaruzo pale ilipokuwa namba.

"Hata ungekuwa nayo isingekufaa, binamu. Kila sanduku linaanza kuhesabu mahali pake. Kumi ya lile la kwenu kwa hili inaweza kuwa nne, inaweza kuwa ishirini. Na hili letu breki yake ni ya waumini: besi ikitaka kupanda tu, inaishika shingo, bibi vizee wasishtuke."

Wakaiwasha hivyo hivyo. Mamba akaimba kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Sauti ya Wilfrido ikatoka kwenye maiki, ya huruma kabisa.

"Jamani tumwombee mwenzetu. Mamba ameokoka."

Kicheko kilichozuka hapo bado kinazunguka mtaani. Watu wakaanza kuhamia upande wa Nyigu, mmoja mmoja, na chupa zao. Emperatriz peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na baa, mikono mapajani, macho kwa shemeji yake.

Nicanor akamwambia Delcy alegeze breki, taratibu. Yeye akabandika kiganja kwenye kitambaa, pua kwenye meno ya mamba. Delcy akalegeza kidogo. Besi ikapumua. Akalegeza tena. Kitambaa kikaanza kupiga, na kiganja kikapata joto, ila Nicanor hakujua kama ni joto la spika, la jua, au la damu yake mwenyewe. Kila wimbo ulipoanguka kwenye noti nzito moyo wake ulianguka nao. Aliona mikono ya kaka yake ikisuka waya. Aliiona ikishika moto.

Hapo ndipo ilipokuja. Harufu ya kuungua.

Akaganda. Alipogeuka, Emperatriz alikuwa ameshasimama, anakuja. Hakukimbia. Akainama, akanusa mdomo wa mamba, akanusa tena, akatazama nyuma ya baa kule mafuta ya kukaangia arepa, yale maandazi ya mahindi yenye yai ndani, yalikokuwa yakitoa moshi.

"Ni arepa, shemeji," akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ya Nicanor. "Umeiona ile namba ya msumari?"

"Niliikwangua."

Emperatriz akanyoosha kidole kwenye kiti chake. "Ulises hakuiangalia hata siku moja. Aliniketisha pale. Gauni langu likitetemeka magotini, anaacha kuongeza."

Nicanor akatazama gauni. Lilikuwa likipepea hovyo kwa upepo wa Februari. Ungejuaje lipi la upepo na lipi la besi? Emperatriz naye akaliona hilo. Akakibeba kiti chake mwenyewe hadi pembeni ya ukuta ambako upepo haufiki, akaketi, akalaza gauni, akasubiri. Delcy akalegeza. Gauni kimya. Akalegeza. Nicanor hakuwa akinusa tena. Alikuwa anatazama lile pindo la gauni tu, kama mtu anayetazama kifua cha mgonjwa.

Emperatriz akainua mkono.

Nicanor akamwashiria Delcy aache hapo hapo, unywele mmoja haukuongezwa. Na funguo zilibaki mfukoni mwake. Mjane hakuzidai jioni ile wala hajazidai mpaka leo. Lakini hiyo sauti, ndugu zangu! Mamba alinguruma mabati ya nyumba saba yakang'oka, mbwa wa mji jirani wa Soledad wakacheza wawili wawili, Wilfrido akapiga magoti akabatizwa kwa bia, na mto Magdalena wenyewe ukasimama kusikiliza, halafu ukaanza kurudi nyuma, polepole, mpaka ukafika—

"Mjomba," Nicanor akanikatiza, "ulikuwa umelala kitini. Na bati lilikuwa moja, tena lilikuwa limeshalegea."